Kabla ya Kutaja Jina la Jirani

Mama mzee anakohoa. Mwezi wa kwanza watu wa nyumbani husema ni baridi ya milima. Mwezi wa tatu husema ni malaria iliyoingia kifuani. Mwezi wa sita, mwili ukiisha kukonda, mtu mmoja hushusha sauti na kusema: karuho. Tangu hapo haliulizwi tena swali la ugonjwa. Huulizwa jina la aliyempa kinywaji. Na jina halikosekani: ni mjane wa nyumba ya pili, ni mke mwenza, ni mkimbizi wa vita aliyefika juzi, asiye na ukoo wa kumtetea. Sisi tunaoishi Mweso tunajua mambo hayo hufikia wapi vijana wakiisha kuitwa.

Vijana wapenzi, hatusemi kwamba hakuna awezaye kumtilia mwenzake sumu. Moyo wa mwanadamu tunaujua. Tunasema kwamba katika nyumba nyingi za Masisi na Walikale imo sumu ambayo hakuna jirani aliyeileta, nayo huwashwa kila asubuhi kwa kiberiti chetu wenyewe.

Ingieni jikoni mkaone. Wavulana wengi hawajakaa humo hata saa moja tangu walipoachishwa ziwa. Mafiga matatu, kuni mbichi za mkalitusi, chungu cha maharage kinachodai saa tatu za moto, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Moto ukikataa, hutupiwa kifuko cha plastiki au kipande cha sandali ya mpira, na moshi unakuwa mbaya maradufu. Katika kambi, chini ya turubai, jiko na kitanda ni chumba kimoja. Tazameni juu: masizi yale yanayoning'inia kwenye paa yamepita pia katika vifua vya watu.

Muumba ameyalinda mapafu kwa hekima. Pua huzuia vumbi kubwa, na ndani ya mirija ya pumzi kuna ute pamoja na vinyweleo vidogo mno vinavyofagia uchafu kuupandisha kooni. Lakini chembe za moshi zilizo hatari zaidi hazifikii upana wa mikromita 2.5, hali unywele wa kichwa una mikromita 70 hivi. Hupita ulinzi wote na kufika katika vifuko vya mwisho, pale hewa inapokutana na damu. Moshi wa kila siku huvilemaza vile vinyweleo, ute hujaa, mirija huvimba na kuwa myembamba. Baada ya miaka ishirini au thelathini, mwanamke asiyevuta sigara hata moja anapumua kama mvutaji wa siku nyingi. Hata kukonda kwake kuna sababu: kupumua kwenyewe kumekuwa kazi nzito.

Kikohozi kinachozidi majuma mawili chaweza pia kuwa kifua kikuu. Makohozi yapimwe hospitalini Mweso au katika kituo cha afya kilicho karibu. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa dawa za miezi sita, na mtu hupona. Anayepelekwa kwanza kutapishwa karuho hupoteza majuma yasiyorudi, na huku akiwaambukiza wajukuu.

Watoto ndio wanaoumia upesi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 ambao hawajatimiza miaka 5. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, naye yuko mgongoni mwa mama, juu ya chungu. Baba Mtakatifu Fransisko hakuona aibu kuliingiza jambo la jikoni katika barua ya kipapa: katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 20, anawataja watu wanaougua kwa kuvuta moshi wa kupikia na wa kuota moto. Wengi wetu tuliisoma barua hiyo tukitafuta misitu na bahari, tukauruka mstari uliowahusu mama zetu.

Wazee hutujibu kwamba moshi hukausha mahindi ya mbegu, hufukuza wadudu wa paa na kupunguza mbu. Wana haki. Basi mahindi yaning'inizwe katika kibanda cha jiko kilicho wazi, na mtu asilale humo. Wengine hukimbilia makala kwa kuwa hayana moshi, na usiku wa baridi huingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Hilo ni kosa la kufisha. Makala hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Waliokimbilia Sake na Goma walijifunza huko habari za mazuku, hewa ya volkano inayotuama mabondeni. Mazuku ni gesi nyingine, lakini nayo huua bila kunuka.

Sasa, salongo. Katika milima ya Guatemala, yenye baridi na kuni kama yetu, familia zilipewa majiko yenye bomba la kutoa moshi nje. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba nimonia kali za watoto zilipungua kwa theluthi moja hivi, ingawa nimonia kwa jumla haikupungua waziwazi. Nchini Malawi yaligawiwa majiko mapya yasiyo na bomba, na nimonia haikupungua. Moshi wa takataka na wa tumbaku ulikuwa ungali pale. Kwa hiyo tusijisifu kwa jiko zuri tu. Moshi utolewe nje, kuni zikaushwe, maharage yalowekwe tangu jana yake, plastiki isiguse moto. Kuni nazo zitapungua, na kila tita linalookolewa ni safari moja pungufu ya dada zetu msituni. Mnajua wanakutana na nani huko.

Fedha iliyochangwa kwa vitenge vya sikukuu tungependa inunue mabati ya mabomba. Tunajua wapo watakaonung'unika.

Nyumba mbili za kwanza tumekwisha kuzichagua: ya mama anayekohoa, na ya mjane ambaye jina lake lilitajwa. Zinatazamana. Udongo umechimbwa. Wavulana waje Jumamosi na majembe, nao wabaki jikoni mpaka chungu cha kwanza cha maharage kiive.