Bafu la wageni linanuka kwa kukosa maji

Na Ndunge Musyoki

Nyumba nyingi mpya zinazojengwa Wote, Kibwezi, Mwingi na Mutomo zina bafu lisiloguswa tangu Januari hadi Desemba. Mwenye nyumba yuko kazini Nairobi au Mombasa. Wazazi wanaobaki bomani huogea karai, na mara nyingi huenda bafu la nje walilolizoea. Krismasi ikikaribia, chumba cha wageni kinafunguliwa na harufu ya choo inawapokea watu mlangoni. Hapo dawa ya Jik inamwagwa, sabuni ya unga inamwagwa, manukato yanapulizwa. Siku mbili baadaye harufu imetulia na kila mtu anaisifu dawa. Lakini kazi hiyo haikufanywa na dawa, ilifanywa na maji waliyooga wageni.

Chini ya tundu la bafu, bomba hupinda kabla ya kuelekea kwenye tangi la maji taka. Mafundi wetu huiita kona hiyo trapu. Kila mtu anapomaliza kuoga, maji kidogo hubaki humo, kina cha sentimita 5 hivi, na maji hayo ndiyo mlango pekee uliopo kati ya chumba cha kulala na tangi. Alexander Cumming, fundi wa saa kutoka Skotlandi, alisajili uvumbuzi wa kona kama hiyo kwa ajili ya choo jijini London mwaka 1775, na kanuni yake haijabadilika hadi leo. Ina sharti moja tu, kwamba maji yawemo. Yasipoongezwa hugeuka mvuke, na kwetu Ukambani, ambako kati ya Juni na Oktoba mvua ni haba, wiki chache za kutotumika zatosha kuiacha trapu kavu. Gesi ya tangi hupanda bila kizuizi, ikiwemo hidrojeni salfaidi inayonuka kama yai viza. Mende nao hufuata njia hiyo hiyo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu si la pua peke yake. Machi 2003, katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, zaidi ya wakaazi 300 waliambukizwa ugonjwa wa SARS kwa muda mfupi. Wachunguzi wa afya walipofuatilia, waligundua kuwa trapu za sakafu za bafu katika nyumba nyingi zilikuwa zimekauka, maana wakaazi walikuwa wakipangusa sakafu badala ya kuiosha kwa maji mengi. Feni za bafuni zilivuta hewa ya bomba la maji taka na kuiingiza ndani. Boma la Makueni lenye tangi lake peke yake si ghorofa ya Hong Kong, na sitaki kumtia mtu hofu. Hata hivyo, wazee wanalala chumba cha pili kutoka bafu hilo, na watoto wachanga huletwa nyumbani humo kila Krismasi.

Basi tufanye nini? Kwanza mwaga lita mbili au tatu za maji polepole kwenye tundu, fungua dirisha, uache hadi kesho yake. Harufu ikiisha, umepata jibu. Ikibaki, inua kichungi cha tundu utoe nywele na utelezi wa sabuni, kwa kuwa uchafu huo pia huoza na kunuka. Usichanganye Jik na dawa kali ya kusafishia choo hata siku moja, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Isitoshe, Jik nyingi inayofika kwenye tangi huua bakteria wanaosaga uchafu. Usisahau choo cha chumba hicho hicho, nacho kina kona yake inayokauka.

Lipo kosa jingine ambalo mafundi wengi hawalitaji. Matundu mengi ya sakafu, badala ya kona, yana kikombe kilichofudikizwa juu ya shingo ya bomba, na kikombe hicho, ukingo wake ukizama majini, ndicho kinachozuia harufu. Maji yakianza kuteremka polepole, mtu hukitoa ili bafu likauke haraka, kisha hakirudishi. Tundu la namna hiyo litanuka hata ukimwaga maji kila siku, kwa hivyo tazama kama kikombe kipo. Na ukisikia trapu ikigugumia kila choo kinapovutwa, uliza kama bomba la hewa lilijengwa hadi juu ya paa au liliachwa ili kuokoa mita chache za bomba. Pasipo hewa, maji ya choo yanaposhuka hufyonza maji ya trapu na kuiacha tupu.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi la haki. Mama aliyezoea kuchota maji kwenye mchanga wa mto mkavu, au kununua mtungi kwa mwenye punda, hawezi kuambiwa amwage maji kwenye tundu la bafu ambamo haogi mtu. Atakuona umepotoka huko mjini. Lakini trapu haihitaji maji safi! Maji ya mwisho ya kusuuza nguo yanatosha. Kikombe kikubwa kimoja kwa kila tundu, kila wiki, kinafanya kazi yote. Maji ya vyombo yenye mafuta na mabaki ya chakula yasitumiwe, yataleta harufu yake. Nyumba ikifungwa kwa miezi mingi bila mtu, jaza trapu maji kisha tia vijiko viwili vya mafuta ya kupikia juu yake. Mafuta huelea na kupunguza mno kasi ya maji kukauka. Ukitumia bafu yanaondoka, kwa hivyo yarudishe siku ya kufunga nyumba.

Ila ukweli ni kwamba hatungekuwa na kazi hii yote kama tungejenga kwa kufikiria tunakojenga. Ramani zetu zinanakiliwa kutoka mitaa ya Nairobi ambako bafu linatumiwa asubuhi na jioni. Vyumba vitatu, mabafu matatu, kila moja na tundu lake, katika boma la watu wawili wanaopima maji kwa mtungi. Mimi ningejenga bafu moja ndani, karibu na wanapolala wazazi, litumike kila siku. Anayetaka la pili, fundi aunganishe bomba la sinki la kunawia mikono na trapu ya sakafu, ili kila anayenawa aijaze bila kukumbuka. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni, ambazo huidhinisha ramani hizi, zingeweza kulidai jambo hili pamoja na bomba la hewa kabla ya kugonga muhuri. Ni mita chache za bomba la plastiki, na wakati wa kuliweka ni kabla ya slabu kumwagwa. Zege likishashika, kazi hiyo hiyo itataka patasi, vigae vipya na malipo ya fundi ya siku kadhaa.