Kifua kikuu: Waliobaki nyumbani wasisahauliwe

Mgonjwa wa kifua kikuu anapogunduliwa katika zahanati, kazi kubwa hufanyika juu yake. Makohozi yake hupimwa, jina lake huandikwa katika daftari, hupewa dawa bila ya malipo na huelezwa kwamba asizikatishe kwa muda wote wa miezi 6. Kazi hiyo ni njema na Taifa lina haki ya kujivunia. Lakini jioni ile ile mgonjwa huyo hurudi nyumbani kwake. Huko yuko mkewe, wako watoto wanne, yuko mama mzazi aliye mkongwe, na pengine yuko mdogo wake aliyekuja mjini kutafuta kazi. Wote hao wamekuwa wakivuta hewa moja naye kwa majuma mengi kabla kikohozi chake hakijatiliwa shaka. Mara nyingi mno watu saba hao hawamo katika daftari lo lote.

Swali ambalo hapana budi liulizwe ni hili: kati ya saba hao, nani yumo hatarini zaidi ya wenzake? Wapo wanaodhani kuwa swali hilo ni la mtabiri, wala si la mganga wa zahanati. Hilo ni kosa. Sayansi ya leo inaweza kulijibu kwa kiasi kikubwa, na sehemu iliyo muhimu ya jibu hilo haihitaji mtambo.

Inafaa ieleweke kwanza kwamba kuambukizwa si kuugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu robo ya binadamu wote wamewahi kuambukizwa vijidudu vya kifua kikuu, na kati yao ni watu 5 hadi 10 tu katika kila 100 watakaougua maishani mwao. Miili ya waliobakia huvifungia vijidudu hivyo, navyo hulala. Hatari yenyewe haikugawanywa sawasawa. Ni kubwa zaidi katika miaka 2 ya mwanzo baada ya kuambukizwa. Ni kubwa mara nyingi zaidi kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Huongezeka kwa mwenye kisukari, kwa mvutaji wa sigara, kwa mchimba madini ambaye mapafu yake yamejaa vumbi la mawe, na kwa ye yote asiyekula akashiba.

Watoto wachanga ndio wanaotisha kuliko wote. Mwaka 2020 wataalamu walikusanya pamoja habari za watoto zaidi ya 130,000 wa nchi 34 waliokuwa wameishi karibu na wagonjwa. Ilidhihirika kwamba kati ya watoto walio chini ya umri wa miaka 5 ambao tayari walikuwa wameambukizwa na hawakupewa dawa za kinga, karibu mmoja katika kila watano aliugua katika muda wa miaka 2. Tena walio wengi kati ya wadogo hao waliougua waligunduliwa katika siku 90 za mwanzo. Chanjo ya BCG wanayopewa watoto wanapozaliwa huwakinga na kifua kikuu kilicho kikali, kama kile cha utando wa ubongo, lakini haimhakikishii mtoto usalama anapolala kitanda kimoja na baba anayekohoa. Basi afisa anayesema kuwa familia ya mgonjwa itatembelewa "robo ya mwaka ijayo, bajeti ikiruhusu", kwa kweli anasema kwamba atakwenda baada ya jambo kwisha kutokea.

Kuhusu watu wazima, uchunguzi mmoja unastahili kujulikana na kila kiongozi wa mtaa na kijiji. Ulifanywa nchini Peru, katika makazi ya watu maskini yaliyo karibu na mji mkuu wa Lima, na ukatangazwa mwaka 2017. Watu wazima wapatao 2,000 walioishi nyumba moja na wagonjwa walifuatiliwa kwa miaka mingi, kisha ikatazamwa ni dalili zipi zilizowatenga waliougua na waliosalimika. Dalili hizo zilifanywa kuwa alama za kujumlishwa. Je, mtu huyu amekonda? Ana umri gani? Amewahi kuugua kifua kikuu yeye mwenyewe, au kuna mwingine wa nyumba hiyo aliyewahi? Alikuwa akikaa na mgonjwa kwa saa nyingi? Mgonjwa ni mwanamume? Nyumba ni ya watu maskini sana? Jikoni kuna moshi? Vyumba vina madirisha mangapi?

Watu waliopata alama za juu walikuwa kiasi cha robo moja tu ya wote, lakini zaidi ya nusu ya wagonjwa wapya walitokea katika robo hiyo. Alama hizo zilionyesha hatari bila ya kutegemea kipimo cha ngozi, kile cha kudunga sindano mkononi na kurudi kusomwa baada ya siku 2 au 3, ambacho wengi hawarudi kusomewa.

Madirisha! Bwana Afya wa zamani, aliyezunguka vijijini akihimiza watu watoboe kuta za nyumba zao waingize hewa, alichekwa na wengi kwamba hana kazi. Leo dirisha lake limo ndani ya hesabu za wataalamu.

Vipo vipimo vingine vilivyo vya hali ya juu. Tangu mwaka 2016 wataalamu wa Afrika Kusini na wenzao wameonyesha kwamba damu ya mtu aliyeambukizwa inaweza kutoa ishara, kwa jinsi jeni zake zinavyofanya kazi, miezi mingi kabla hajaanza kukohoa. Huko Uingereza kumetengenezwa kikokotoo kinachochukua umri wa mtu, kipimo chake cha damu, ukaribu wake na mgonjwa na mambo mengine, kikatoa makadirio ya hatari yake yeye binafsi. Hayo si ya kubezwa. Lakini kikokotoo hicho kilijengwa kwa takwimu za nchi ambazo maambukizo ni machache, ambako mtu akiambukizwa mara moja yamkini hataambukizwa tena. Mkazi wa Manzese au wa Mirerani hayumo katika hali hiyo. Hata alama za Peru haziwezi kuchukuliwa na kuvishwa Tanzania kama zilivyo, kwa sababu virusi vya UKIMWI na vumbi la machimbo vina uzito wake hapa.

Ndiyo kusema kwamba Tanzania inapaswa kuhesabu yenyewe. Uwezo upo. Iko hospitali ya Kibong'oto, ambayo imekuwa ikishughulika na ugonjwa huu tangu enzi ya ukoloni. Ziko Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Taasisi ya Afya ya Ifakara na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Wala si mara ya kwanza kwa nchi hii kuifundisha dunia juu ya kifua kikuu. Mpango wa Taifa ulioanzishwa mwaka 1977, kwa ushirikiano na Dakta Karel Styblo, ndio uliothibitisha kwamba nchi maskini inaweza kuwatibu na kuwaponya wagonjwa walio wengi kwa kutumia zahanati za kawaida na daftari linalotunzwa vizuri. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuzishauri nchi nyingine ziufuate. Nchi iliyofanya hivyo ilipokuwa na shida ya kila kitu haitashindwa na orodha ya maswali manane.

Tena maswali hayana maana kama hayafuatwi na kitendo. Dawa za kinga zipo. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2018 limepanua ushauri wake, kwamba watu wa umri wo wote wanaoishi na mgonjwa wafikiriwe kupewa dawa hizo, sio watoto wadogo peke yao. Na kwamba ukosefu wa kipimo usiwe sababu ya kumnyima mtoto mchanga au mtu mwenye virusi vya UKIMWI. Upo mseto unaomezwa mara moja kwa juma, mara 12 tu, na kazi ikaisha. Sharti moja ni la lazima: ihakikishwe kwanza kwamba anayepewa hajawa mgonjwa tayari, kwani kumpa mgonjwa kamili dawa za kinga ni kuvifundisha vijidudu kuishinda dawa.

Hapa husikika malalamiko kwamba wananchi hukataa kumeza vidonge ilhali hawaumwi. Ni kweli wapo, na hawawezi kulaumiwa. Mtu mzima mwenye nguvu zake, ambaye hakuna aliyefika kwake kumweleza lo lote, ana haki ya kushangaa anapokabidhiwa pakiti ya vidonge dirishani. Aliyeambiwa hatari yake ni kiasi gani, na ni kwa sababu gani imezidi ya jirani yake, huyo ana jambo la kupima na kuamua. Hiyo ndiyo faida kubwa ya makadirio haya.

Jambo jingine ni chakula. Katika jimbo la Jharkhand nchini India kulifanywa jaribio lililotangazwa mwaka 2023, ambapo familia za wagonjwa ziliongezewa mchele na jamii ya kunde pamoja na vitamini. Katika familia hizo wagonjwa wapya walipungua kwa kiasi cha asilimia 39 wakilinganishwa na wale wa familia ambazo mgonjwa peke yake ndiye aliyepewa chakula. Halmashauri zinazogawa misaada kwa kaya maskini zingeweza kabisa kuitazama nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu na watu waliokonda kuwa ni nyumba ya kutangulizwa.

Nani atakayekwenda kuuliza maswali? Miongozo ya Wizara ya Afya inataka walioishi na mgonjwa wachunguzwe, lakini muuguzi mmoja mwenye foleni ya watu 60 hawezi kufunga zahanati akaenda kuhesabu madirisha. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, nao ndio wenye kazi hii. Chama nacho kina mabalozi wa mashina, watu wanaojua kila mlango. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakajifunza na kisha wakachimba vyoo. Hawakungoja wafadhili wawaitie semina hotelini.

Ila lipo onyo moja, nalo si dogo. Balozi wa shina asipewe majina ya wagonjwa ili ayatangaze kilabuni. Bado kuna wanaoamini kwamba kila mwenye kifua kikuu ana UKIMWI, au kwamba amerogwa, na zipo nyumba ambazo wapangaji wamefukuzwa kwa sababu ya kikohozi. Alama za hatari zikigeuka kuwa alama za fedheha, watu watawaficha wagonjwa wao na kazi yote itaharibika. Kwa hiyo mhudumu ndiye atakayeuliza na kuandika, kwa ridhaa ya mgonjwa na siri ikitunzwa. Balozi atamfungulia njia kwa kuwaelimisha watu wa shina lake wote kwa pamoja, wenye wagonjwa na wasio nao.

Kila mwaka tarehe 24 Machi, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, hotuba husomwa na idadi ya wagonjwa waliogunduliwa hutajwa kwa majivuno. Katika sherehe ijayo Waganga Wakuu wa Wilaya wangefaa watakiwe kutaja mbele ya wananchi idadi nyingine tatu: nyumba za wagonjwa zilizotembelewa kabla ya juma moja kupita, watoto wa umri chini ya miaka 5 waliokutwa ndani ya nyumba hizo, na ni wangapi kati yao waliomaliza dawa zao za kinga.