Kila Mradi Uwe na Konsoli Yake!

Nimechoka kuona wanaprogramu wazima, wenye digrii zao, wakifungua Python na kuandika mistari ile ile sita ya import kila asubuhi, ili tu waulize swali moja dogo: je, malipo ya mteja huyu yaliingia?

Mnadhani hasara ni vidole kuchoka? Sikilizeni. Mtu akiona maandalizi ni marefu, hukimbilia njia ya mkato. Anaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata wanayotumia wateja na kupiga UPDATE. Akisahau WHERE, kila mteja amebadilishiwa salio. Haraka haraka haina baraka.

Dawa ni ya bure. Andika faili moja, iite konsoli.py. Ndani yake ingiza moduli za mradi, fungua hifadhidata ya majaribio, kisha weka funksheni mbili tatu zenye majina ya kazi yenu: tafuta_mteja, malipo_ya_leo. Halafu andika python -i konsoli.py. Python inaendesha faili yote, kisha inakuachia nafasi ya kuandika amri, kila kitu kikiwa tayari. Ukitaka kuchagua majina yatakayoonekana na ujumbe wa kukaribisha, tumia code.interact, ambayo huja na Python yenyewe.

Kuna watakaosema, "Mimi nina PYTHONSTARTUP yangu." Naam, ni yako! Imo kwenye mashine yako, na ukihama kazi unaondoka nayo. Konsoli ya mradi hukaa pamoja na msimbo. Aliyeajiriwa leo anaipata leo.

Wengine watasema tunarahisisha uharibifu. Basi ukiielekeza kwenye data halisi, ipe akaunti ya kusoma tu! Wenzetu wa Rails wana rails console inayopakia programu nzima, na wakiongeza --sandbox, mabadiliko ya hifadhidata hufutwa wakitoka. Django nayo, tangu toleo la 5.2 la mwaka 2025, shell yake huingiza modeli zote yenyewe.

Kwa hiyo kiongozi wa timu asiniambie hii ni anasa. Ni mistari ishirini. Kama timu yako haina muda wa kuiandika, itapata wapi muda wa kurudisha salio za watu?