Je, Motokaa ya Umeme Yatufaa Huku Kwetu?



Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo moja ambalo siku hizi huzungumzwa sana bwenini baada ya prepo, nalo ni motokaa ya umeme. Wengine husema ya kwamba petroli imekwisha kazi yake duniani. Wengine husema motokaa hizo ni za watu wa mijini tu, nasi wa Newala na Masasi tusijisumbue. Mimi nadhani pande zote mbili hazijapiga hesabu.

Jambo hili lilinifikia nyumbani. Likizo ya Desemba nilikwenda Newala kwa mjomba wangu. Mjomba ana gari dogo la petroli ambalo hulitumia kuchukua abiria kati ya Newala na Masasi. Alikuwa amekwisha lipwa fedha za korosho, naye alikuwa na shauri la kununua motokaa ya umeme iliyotumika Japani, kwa fedha zile na kwa mkopo juu yake. Akaniita barazani jioni, akasema, "Mpwa wangu, wewe unasoma fizikia. Nipigie hesabu hii kabla sijatia mkono wangu katika karatasi ya deni." Fedha zile zilikuwa zimekusudiwa kujengea kisima cha kuvunia maji ya mvua. Nanyi mliozaliwa juu ya uwanda wa Makonde mwajua maana ya kisima. Kwa hiyo sikuweza kumjibu ovyo.

Kwanza nitasema mazuri yake, maana ni mengi. Kutoka Newala hadi Masasi ni kiasi cha kilometa 70. Gari la mjomba hunywa lita 6 hivi kwa safari moja. Katika sehemu kubwa ya mwaka 2024 lita moja ya petroli ilizidi shilingi 3,000, basi safari moja ni shilingi 18,000 na zaidi. Motokaa ndogo ya umeme huhitaji kiasi cha yuniti 20 kutoka ukutani kwa kilometa 100, basi safari ile ile ni yuniti 14. Tena haina oili ya injini ya kubadilisha, haina plagi, wala haina moshi.

Wenzangu wengi hudai ya kuwa motokaa ya umeme haiwezi kupanda mlima wetu. La hasha! Haya tumejifunza darasani. Chukua motokaa na abiria wake, jumla kilo 1,600, ipande mita 300. Zidisha uzito, kimo na nguvu ya uvutano, utapata jouli 4,800,000. Yuniti moja ya umeme ni jouli 3,600,000. Basi mlima wote huo ni kama yuniti moja na theluthi, na hata ukiongeza kinachopotea njiani hazifiki 2. Tena wakati wa kuteremka mota hugeuka kuwa jenereta, ikarudisha sehemu ya umeme katika betri. Gari la petroli halirudishi hata tone moja. Mlima si adui wa motokaa hii.

Adui ni wengine, nami nitawataja.

Wa kwanza ni bei ya umeme, ambayo mjomba aliikosea. Yeye alipiga hesabu kwa shilingi 100 kwa yuniti, kwa sababu nyumba yake imo katika daraja la watumiaji wadogo. Lakini daraja hilo ni la nyumba isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi. Kwenda Masasi na kurudi ni yuniti 28, basi kwa siku tatu tu angepita mpaka. Hapo nyumba nzima, pamoja na taa na redio, huhamishiwa daraja la kawaida, ambalo pamoja na kodi limekuwa kama shilingi 356 kwa yuniti. Kwa bei hiyo safari moja ni shilingi 5,000 hivi. Bado ni rahisi kuliko petroli mara tatu na zaidi, lakini si ile shilingi 1,400 aliyoiandika mjomba.

Wa pili ni muda. Sisi wa uwandani twajua ya kwamba kisima kikubwa si kitu kama maji yanaingia kwa mrija mwembamba. Betri nayo ni kisima. Motokaa aliyoitaka mjomba, Nissan Leaf yenye betri ya yuniti 40, ilipokuwa mpya ilikadiriwa kwenda kiasi cha kilometa 240. Soketi ya kawaida ya nyumbani hutoa kilowati 3 hivi, basi kujaza betri tupu ni kazi ya saa 13 hadi 15. Mjomba huenda Masasi na kurudi mara mbili kwa siku, yaani kilometa 280. Kwa motokaa ya umeme angemaliza mzunguko mmoja, kisha angengoja saa kadhaa apate umeme wa kutosha mzunguko wa pili. Abiria gani atamngoja? Ziko mashine za kuchaji kwa haraka, lakini mimi sijaona hata moja katika safari zangu zote kati ya Mtwara, Newala na Masasi. Na umeme ukikatika usiku, kama tunavyokatikiwa hapa shuleni tukasoma kwa taa za jua, asubuhi gari halina safari.

Wa tatu ni uzima wa betri. Nissan Leaf ilianza kuuzwa mwaka 2010, na betri ya Leaf hiyo ya yuniti 40 haipozwi kwa maji kama za motokaa nyingine nyingi za umeme. Joto huichosha, na Masasi joto tunalijua. Mbele ya dereva kuna vijiti 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Kikipungua kimoja, kiasi cha sehemu 15 katika 100 zimekwisha potea. Anayenunua bila kuhesabu vijiti hivyo amenunua mbuzi ndani ya gunia. Tena betri ile ina volti zaidi ya 300, na waya zake za rangi ya machungwa si za kushikwa na fundi asiyefunzwa. Mafundi wetu wa Masasi ni hodari sana kwa injini, lakini hodari wa injini si hodari wa betri.

Basi nilimwambia mjomba hivi: "Petroli utakayookoa katika mzunguko mmoja ni karibu sawa na faida ya mzunguko wa pili utakaoupoteza. Utapata kile kile unachopata leo, ila utakuwa na deni ambalo huna leo, na kisima hakitajengwa." Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, kumbe mnasomeshwa kuogopa?" Neno lile liliniuma, nami naandika makala hii kwa sehemu ili nimjibu.

Sikusema motokaa ya umeme ni mbaya. Nilisema kila chombo kina kazi yake. Mwalimu akaaye mjini Masasi, mwenye umeme nyumbani, aendaye Ndanda na kurudi, hasafiri zaidi ya kilometa 80 hivi kwa siku. Huyo angeichaji usiku akilala, na petroli angeisahau. Mwenye pikipiki au bajaji ya mjini naye yafaa aitazame. Katika Kigali kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 kuwapa waendesha pikipiki betri za kubadilishana. Mtu huacha iliyokwisha, akachukua iliyojaa, akaenda zake. Nairobi mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Ethiopia mwaka 2024 ilikataza kabisa kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli, kwa kuwa umeme wa maji inao na fedha za kigeni za kununulia mafuta ni haba. Watu hawa si matajiri kutushinda sana. Walianza mahali ambapo hesabu inakubali.

Nasi tuna sababu ya kutamani. Petroli yote ya Tanzania hutoka ng'ambo, lakini umeme tunao wetu. Gesi ya Mnazi Bay imo humu humu mkoani Mtwara, na bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115. Ni aibu kununua kwa wageni tunachoweza kupata kwetu.

Lakini tukumbuke pia historia ya jirani zetu wa Nachingwea. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga. Walileta matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, kabla hawajaijua vizuri ardhi wala mvua. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na reli ikafungwa mwaka 1962. Mashine hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kutanguliza mashine na kuacha hesabu nyuma.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Serikali na halmashauri zetu zitangulize vituo vya kuchajia kwa haraka Newala, Masasi, Ndanda na Mingoyo, ndipo zitushauri kununua. Hata kuileta motokaa hiyo kutoka Dar es Salaam, kilometa 600 hivi, leo dereva angelala njiani mara mbili akingoja soketi ya nyumba ya wageni. Vyuo vya ufundi vya huku kusini vifundishe vijana betri na mota, maana kazi hiyo yaja, nasi tusingoje mafundi wa kutoka mbali. Na wazazi wenye fedha za korosho wasione haya kumwuliza mtoto aliye shule, ilimradi mtoto naye amesoma kweli.

Mjomba hajanijibu mpaka leo. Likizo ijayo nitakapofika barazani kwake nitamwamkia, kisha nitatazama mambo mawili: nini kimeegeshwa uani, na kama kisima kimechimbwa. Kwa upande wangu jibu la neno lake ni hili: hatukusomeshwa kuogopa, tumesomeshwa kupima. Haraka haraka haina baraka.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne