Dalali wa Tukuyu anamfanyia kazi nani?

Mtumishi mpya anashuka stendi ya Tukuyu na begi lake, mvua inanyesha, hajui mtu. Haipiti saa moja dalali ameshampata. Anaonyeshwa chumba Bulyaga, kingine Bagamoyo, cha tatu upande wa Makandana. Kabla ya kuzungushwa ametoa hela ya kuonyeshwa. Akipenda chumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na dalali anataka yake ya mwezi mmoja. Anayelipa yote hayo ni mpangaji.

Swali ambalo watu wengi hawaliulizi ni hili: kwa kuwa dalali amelipwa na mpangaji, je, alikuwa anamfanyia kazi mpangaji?

Mara nyingi jibu ni hapana. Aliyemtuma dalali ni mwenye nyumba, aliyemwambia "nitafutie mtu". Wewe umelipa, lakini hukumtuma wewe. Ndiyo maana hakuambii kwamba paa linavuja, au kwamba mpangaji aliyetoka aligombana na mwenye nyumba kwa sababu ya bili ya maji. Na wapo madalali ambao hawakutumwa na yeyote. Wamesikia tu kwamba chumba kipo wazi, wakawahi.

Sheria ya Mikataba ya Tanzania inao mlango mzima unaohusu wakala na mtu aliyemtuma. Haitaji madalali wa vyumba kwa jina, lakini kazi yao inaangukia humo. Wakala anapaswa kufuata maagizo ya aliyemtuma, kumpa hesabu ya fedha zilizopita mkononi mwake, na kutojitafutia faida ya siri katika kazi hiyo hiyo. Hapo ndipo "cha juu" kinapoingia. Tuseme mzee anauza kiwanja kwa milioni 8. Dalali anamwambia mnunuzi ni milioni 10, mbili anaweka mfukoni. Kama mzee alimwambia "ukipata zaidi, ni yako", hakuna ubaya wa kisheria kati yao. Kama hakumwambia, zile milioni mbili ni za mzee, na ana haki ya kuzidai. Wauzaji wengi wa hapa Rungwe wanakubali cha juu kama desturi tu, huku hawajui kwamba ni fedha yao.

Kinachotatiza zaidi ni kwamba neno "dalali" tunalitumia kwa watu wa aina tofauti. Anayeendesha mnada ana sheria yake na anahitaji leseni. Dalali wa mahakama ana kanuni zake. Mthamini wa ardhi na majengo husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Lakini yule anayekuonyesha chumba au shamba hajawekewa bodi ya kumsajili wala ya kumfutia kazi. Jirani zetu Kenya wanayo sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi tangu 1984, yenye bodi ya usajili. Kwetu Wizara ya Ardhi imekuwa ikizungumzia kwa miaka kadhaa sheria ya kusimamia sekta ya milki. Wakati huohuo sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo kodi ya chumba chako Kiwira au Katumba inaamuliwa na makubaliano, na asiye na makubaliano ya maandishi ana kazi ngumu ya kuthibitisha alichokubali. Mkataba wa pango wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kuwa wa mdomo na bado ukawa halali. Sisi hatumshauri mtu autegemee.

Tukirudi kwa yule mtumishi pale stendi, kuna jambo lingine lililotokea. Kabla ya kuonyeshwa chumba aliulizwa: Umeolewa? Una watoto wangapi? Kwenu ni wapi? Unasali wapi? Jibu lisipopendeza, chumba "kimeshachukuliwa". Kesho yake mwenzake anakipata.

Nchini Marekani jambo hili limetungiwa sheria. Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ilisainiwa sheria inayokataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi, dini au taifa alikotoka. Jinsia iliongezwa mwaka 1974; ulemavu na kuwa na watoto viliongezwa mwaka 1988. Sheria hiyo inamgusa dalali pia, kwa sababu kumdanganya mtu kwamba nyumba imechukuliwa, kisa rangi au dini yake, ni kosa.

Sisi tuna Katiba ya 1977. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na katika sababu inazozitaja zimo kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia na hali ya maisha. Lakini tusimdanganye msikilizaji. Katazo lile limeelekezwa hasa kwa wenye mamlaka, wale wanaotekeleza kazi za nchi au madaraka ya kisheria. Hatuna sheria mahususi ya kumbana mwenye chumba kimoja cha kupangisha anayesema hataki mwanamke asiye na mume. Tunaona hilo ni pengo, na sheria ya sekta ya milki ikitungwa bila kuligusa itakuwa imeacha nusu ya kazi. Hata hivyo mara nyingine ubaguzi ni wa dalali mwenyewe, mwenye nyumba hana habari. Ukiweza, onana na mwenye nyumba kabla ya kukata tamaa.

Kwenye ardhi ya kijiji mambo ni tofauti, na hapo sheria ina meno. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki hiyo haina nguvu ya kisheria. Akija ndugu wa marehemu akasema shamba la migomba "haliendi kwa binti", hana sheria ya kumtetea.

Na ni huku vijijini ambako fedha nyingi hupotea. Parachichi na chai vimefanya ardhi ya Rungwe kutafutwa na watu wa mbali, wengine wananunua kwa simu bila kufika. Dalali analeta karatasi yenye sahihi ya muuzaji na muhuri wa mwenyekiti. Haitoshi. Ardhi ya kijiji ikiuzwa kwa mtu asiye wa kijiji hicho inahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, maana yake kikao kilichokaa na muhtasari wake kuandikwa. Mahakama ya Rufani imeonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mauzo yasiyo na idhini hiyo hayasimami. Mwenyekiti peke yake si halmashauri. Halafu muulize muuzaji kuhusu mwenzi wake: Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwingine. Na ile "asilimia kumi ya ofisi" ambayo baadhi ya viongozi wa mitaa na vijiji huidai wakishuhudia mauzo, Serikali imekwisha kuikemea. Ukiombwa, omba stakabadhi, uone kama itaandikwa.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata elfu tano, muulize dalali: nani amekutuma, na nani anakulipa? Anayefanya kazi ya haki, nao wapo, hujibu bila kukasirika. Mwombe akukutanishe na mwenye mali. Fedha ya kodi au ya ununuzi ilipwe kwa mwenye mali, si kwa namba ya dalali.

Mambo yakiharibika, mgogoro wa ardhi huanzia baraza la ardhi la kijiji au baraza la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata husuluhisha tu, haliamui, na likishindwa ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lipo hapa hapa Tukuyu. Kama ni dalali aliyekula fedha na kutoweka, anza polisi; kama yupo na anakataa kurudisha, Mahakama ya Mwanzo hupokea madai ya fedha. Kote huko utaulizwa una nini mkononi. Ujumbe wa malipo uliomo kwenye simu yako usiufute, hata kama simu imejaa.