Mabingwa wa Kukamua Vibaraka Kwenye Gemu, Someni Hii

Kila grupu la magemu Arusha lina mwamba wake. Wa Kisongo anafahamika: usiku kucha yupo kwenye Europa Universalis IV, asubuhi anamwaga skrinishoti za ramani iliyojaa rangi yake. Darasa lake ni lilelile kila siku: nchi vibaraka zikamue, zigombanishe zenyewe kwa zenyewe, atakayeinua kichwa mpige. Madogo wanajaza emoji za moto. Jioni vibaraka watatu wamemgeuka kwa mpigo, naye analalamika eti gemu ina bagi.

Gemu haina bagi. Mwamba ndiye hajui kutawala.

Gemu hiyo, iliyotoka 2013, inampa kila kibaraka kipimo cha kiu ya uhuru. Kikifika asilimia 50, utii umekwisha: anaanza kusaka mataifa ya nje yamuunge mkono. Tena nguvu za vibaraka wote zinajumlishwa na kupimwa na za bosi wao. Sasa mtu anarundika vibaraka kumi huku jeshi lake ni la kuungaunga, anategemea nini? Dawa ipo: tuma balozi akajenge uhusiano, endeleza majimbo yao, linda jina lako lisichafuke. Inagharimu, ndiyo. Uasi unagharimu zaidi.

Hiyo ya kugombanisha ndiyo inachekesha kuliko zote, maana Mjerumani aliijaribu hukuhuku kaskazini. Kule Kilimanjaro alimwamini Mangi Marealle wa Marangu, mtiifu, mwenye maneno matamu. Marealle akapeleka habari kwamba wenzake wanapanga uasi. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli wa Moshi akanyongwa pamoja na wengine, wakiwemo viongozi wa Meru na Arusha. Mjerumani alijiona anawachezesha machifu. Haya, nani alikuwa anamchezesha nani? Wapinzani wa Marealle waliondoka, na kamba ilikuwa ya Mjerumani.

Mwingereza naye hakujifunza kitu. Mwaka 1951 aliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kule Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Wameru hawakushika mikuki. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo wakampita bosi juu kwa juu: 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwashtaki watawala mbele ya dunia. Ardhi hawakurudishiwa siku hiyo, lakini kesi ile iliamsha watu Tanganyika nzima, na Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ikashushwa.

Ndiyo maana darasa la mwamba linakera zaidi likitoka Kisongo. Angekuwa kijana wa London, sawa, babu zake walikaa upande wa kukamua. Huyu anaishi chini ya Mlima Meru, kwenye ardhi ambayo watu wake walikuwa ndio vibaraka wenyewe, halafu anafundisha madogo mbinu zilezile zilizowashinda Mjerumani na Mwingereza. Akitaka kujua kibaraka anawaza nini akinyamaza, aifunge kompyuta, awaulize wazee.

Tiririka mdau: wewe vibaraka wako unawalea au unawakamua?