Mashine Inayokiri Kushindwa

Mtu akizidisha namba zote kuanzia 1 hadi 69, vikokotoo vingi vya kisayansi humpa jibu. Akifika 70, jibu hupita uwezo wa chombo. Nacho huandika kwamba kuna kosa, kisha husimama. Huo si udhaifu, ni uaminifu.

Mashine ya tiba ya mionzi ya Therac-25 iliukosa. Kihesabio kimoja katika programu yake kiliishia 255. Kilipoongezewa moja kilirudi 0 kimyakimya, na 0 ilimaanisha kuwa ukaguzi hauhitajiki. Januari 1987, huko Yakima, Marekani, mgonjwa alipigwa mionzi kupita kiasi kwa sababu hiyo, akafariki baadaye. Hata pale mashine ilipotangaza hitilafu, maneno yake hayakueleweka, na waendeshaji walizoea kubonyeza kitufe cha kuendelea.

Kwa hiyo, pampu ya dripu inapokataa namba iliyoingizwa, mhudumu asiilazimishe. Asimame, ahesabu upya kwa mkono, amwite mwenzake ahakiki. Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kwa nini mashine imelia. Kuchelewa kidogo huvumilika. Dozi ikishaingia mwilini, maji yamemwagika, hayazoleki.